Aliyeonja Kwanza

Jumanne saa nne asubuhi, chini ya hema la matanga lililofungwa kati ya nyumba mbili za Kaloleni, Mzee Phares, mkubwa wa ukoo wa marehemu, alisimama, akavua kofia, akatamka maneno ambayo Koki Nzivo hakuyatarajia kutoka kwa mtu aliyekula ugali wake jana yake.

"Oketch tutampeleka nyumbani Ijumaa. Lakini hatalala bomani. Atalala nje ya uzio."

Hakuna aliyeuliza sababu. Wanaume wa kwao waliinamisha vichwa, na mama mmoja wa kwaya akaacha kukoroga chai. Watu wa Ugenya humzika mwanamume ndani ya boma, mbele ya nyumba yake. Asiye na nyumba hujengewa kibanda kwa siku moja, ili asilale kama mpita njia. Nje ya uzio hulazwa mtu aliyejiua, au aliyetaka kuua akashindwa, na watoto wa ukoo hukatazwa kulitaja jina lake. Koki alikuwa Mkamba, lakini miaka kumi na tisa ya kuishi ukuta mmoja na Oketch ilikuwa imemfundisha hayo na mengine.

Alimtazama Patrobas, mtoto wa marehemu kaka yake Oketch. Mwalimu huyo wa miaka arobaini na saba alikuwa amekaa karibu na nguzo ya hema, mikono juu ya magoti, viatu vimepigwa rangi. Hakumwangalia mtu. Koki akajiambia: huyu ndiye. Huyu alikuja Jumamosi baada ya miaka thelathini na miwili, Jumapili mzee akafa, na sasa anataka hata kaburi lisijulikane lilipo.

Saa tano na nusu alikuwa kituo cha polisi.

"Mama, unamshuku nani?" afisa aliuliza bila kuinua kalamu.

"Patrobas. Anakaa lojingi huko Eastleigh, yeye na Mzee Phares. Jumamosi saa tisa walikunywa na marehemu, wakatoka wazima. Mwenyewe hakuiona Jumatatu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa mjini Wote kwa dada yangu tangu Ijumaa. Nimerudi Jumatatu saa sita nikakuta watu mlangoni."

"Sasa unajuaje walikunywa?"

Koki alikuwa amelingoja swali hilo. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpiga chapa wa baraza la jiji, na alijua karatasi isiyo na maelezo haimalizi safari. Alisema kwamba ufunguo wa nyumba ya Oketch alikuwa nao yeye. Alisema kwamba Jumatatu jioni, polisi walipokwisha kuandika kwamba mzee amefariki ghafla na kuondoka, aliingia akakuta glasi tatu zimeoshwa na kufunikwa juu ya kitambaa, na chini ya meza mzinga wa brendi uliobaki vidole viwili. Alisema kwamba Oketch, tangu alipoacha pombe mwaka wa 2004, alikunywa glasi moja tu kwa mwaka, sikukuu ya Krismasi, tena kwa kupigana nayo.

"Mzinga mzima hauwezi kuisha kwa mtu kama huyo. Walikunywa wao. Wakanywa wakabaki hai. Kwa hiyo kilichomuua hakikuwa ndani ya chupa. Kilitiwa ndani ya glasi yake."

Afisa sasa aliinua kalamu.

Kabla ya jua kutua Patrobas alikuwa ndani, na habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima: Koki, yule jirani wa Kikombe, amemfungisha mwenye msiba.

*

Jina la Kikombe hakupewa na mama yake. Alizaliwa Oketch, mtoto wa pili wa mfanyakazi wa reli, na yeye mwenyewe akaajiriwa na reli mwaka wa 1972 kuwa karani wa stoo. Jioni alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha ukumbi wa Kaloleni. Wanaomkumbuka wakati huo husema alikuwa mwembamba, mwenye meno mazuri, na sauti aliyoweza kuituma mpaka mlango wa nyuma bila kuipandisha. Alichekesha. Ndicho kitu ambacho hakuna aliyekisema tena baadaye: kwamba kabla ya filamu, Oketch alikuwa mtu wa vichekesho.

Mwaka wa 1983 walikuja watu wa filamu wakitafuta sura. Wakamtoa jukwaani wakampa nafasi ya Mzee Daudi katika *Shamba la Marehemu*, mtu anayemtilia kaka yake sumu kwenye chai ili arithi shamba. Sehemu yenyewe haifiki dakika mbili. Daudi anakoroga kikombe mara tatu, anagonga kijiko ukingoni, anakisukuma kikombe mbele ya kaka yake, kisha anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomharibia maisha. Gari la sinema lilizunguka nalo miaka minane, likatandaza shuka kwenye kuta za kumbi za Nairobi na viwanja vya shule za mikoani, na kila lilikopita watu walirudi nyumbani wakigonga vijiko na kucheka.

Mwanzoni Oketch naye alicheka. Akiingia baa ya karibu na Soko la Burma, wanaume walifunika glasi zao kwa viganja. "Amefika! Funikeni!" Yeye alikuwa akizunguka meza hadi meza akijifanya kuchungulia, na mtu wa mwisho humlipia nyama. Watoto walimwimbia njiani: "Kikombe, tuletee chai!" Alijibu kwa kuinama kama mwigizaji aliyeitwa tena jukwaani.

Kisha mwaka wa 1992 kaka yake mkubwa, Sylvance, alikuja Nairobi kutibiwa tumbo. Alikaa kwa Oketch wiki mbili. Alirudi Ugenya na vidonge, akafa siku ya nne. Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu na barua za daktari zilikuwepo, lakini nani asome barua ya daktari hali ameona kwa macho yake, juu ya shuka, Oketch akigonga kijiko? Mazishini walimwomba asimame karibu na lango. Chakula alichopeleka kilibaki kwenye sufuria. Mtoto wa marehemu, Patrobas, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alimwangalia siku nzima bila kupepesa.

Mambo mengine yalifuata kama mbuzi wa kamba moja. Watu wa filamu walimtaka kwa nafasi za wachawi na wauaji tu, na baadaye hata hizo zikaisha. Mkewe, Adhiambo, aliondoka mwaka wa 1994. Hakugombana. Alisema tu, "Mama yangu hawezi kunywa maji kwangu. Sasa mimi hapa nina nyumba au nina ukumbi?" Kanisani akina mama walimwondoa kwa upole kwenye zamu ya chai baada ya ibada. Reli ikampunguza kazini mwaka wa 1999, akaanza kuishi kwenye vibanda vya pombe vya Majengo, ambako watu walifunika glasi bila kucheka.

Kwao, na kwa akina Koki pia, desturi ni moja: mwenye kinywaji huonja kwanza, mgeni akione kimepita kooni mwa mwenyeji. Mtu mwingine huonja kidogo tu na mambo yakaisha. Oketch aliambiwa, tena usoni, kwamba mwigizaji anaweza kuonja bila kumeza. Basi akazua namna yake. Alimimina kikombe cha mgeni, akakinywa chote mpaka chini, akakipindua hewani ili watu waone hakina kitu, kisha akamimina tena katika kikombe kilekile na kumpa mgeni.

Hivyo ndivyo alivyojuana na Koki. Mwaka wa 2005, wiki ile alipohamia baada ya kufiwa na mumewe, Oketch alibisha akiwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Akakinywa kimoja, akakipindua, akamimina.

"Nimekuuliza kitu?" Koki alisema.

"Hujauliza."

"Sasa hayo ya nini?"

"Utauliza baadaye, mama. Mimi huwa nafika kabla ya swali."

Koki alicheka mpaka akashika mlango. Kuanzia siku hiyo walikunywa chai ya saa nne pamoja, na mtaa ukawaoza bila padri. Hawakuoana. Koki alimpigia chapa barua zake za kudai malipo ya uzeeni. Oketch alimsomea magazeti kwa sauti za watu wote waliotajwa humo. Kila siku alikinywa kikombe cha Koki kwanza. Naye Koki, ukweli usemwe, hakumwambia hata siku moja aache.

Jambo alilolitaka mzee katika miaka yake ya mwisho lilikuwa nyumba kwao. Chumba kimoja cha mabati, alisema, ndani ya boma la baba yake, ili siku ikifika wasihangaike. Kwa hilo alihitaji idhini ya mwenye boma, na mwenye boma sasa alikuwa Patrobas. Aliandika mara sita. Barua ya sita ilijibiwa: tutakuja Jumamosi.

*

Jumatano daktari wa chumba cha maiti alimaliza kazi yake. Alimwambia afisa, na afisa akamwambia Koki, kwamba tumboni mwa mzee kulikuwa na spiriti ya kiwandani, ile ya kuchanganyia rangi za mbao, tena si kidogo.

"Kwa hiyo ni sumu," Koki alisema.

"Ni sumu. Nani aliitia na wapi, hilo daktari hajui."

Mwili uliruhusiwa kuchukuliwa. Jioni hiyo Patrobas aliachiliwa kwa sharti la kufika kila akiitwa, na kesi ikabaki wazi. Alipita mbele ya mlango wa Koki bila kusalimu. Mzee Phares, nyuma yake, alisimama kidogo.

"Wewe mama wa Ukambani," alisema, "ulikuwa unakula na yule mtu kila siku. Mlikuwa mnapika nini?"

"Nilikuwa napika ile ulikula Jumatatu, mzee. Ulirudia sahani."

Phares akaenda zake.

Koki hakupata utulivu. Neno la daktari lilikuwa limemvurugia hesabu. Si kidogo, alisema. Mtu anayetia sumu kwenye glasi moja hutia tone, hutia kijiko. Hawezi kujaza glasi spiriti ya rangi mnywaji asiisikie.

Alhamisi asubuhi alikwenda Soko la Burma kununua nyama ya wafiwa. Buchari aliyozoea ilikuwa na mwanamke kwenye mizani badala ya mwanamume. Alikuwa Shiru, mke wa mwenye buchari, macho yamevimba.

"Baba yuko wapi leo?"

"Hospitali, mama. Tangu Jumapili. Haoni."

Koki aliweka kikapu chini. "Haoni vipi?"

"Ameamka akasema nyumba imejaa moshi mweupe. Mimi nikafikiri ni ulevi. Walinunua mzinga Jumamosi na wenzake wawili, pale nyuma ya kituo cha mafuta. Mmoja wao tumemzika jana, mwingine anapumua kwa mashine. Na duka limefungwa tangu Jumatatu, mwenyewe hashiki simu." Shiru alipangusa kisu kwa aproni. "Eti ule mzinga ulikuwa na stempu ya serikali, na kifuniko kikalia vizuri kabisa."

"Ulikuwa na picha gani?"

"Jogoo. Jogoo amevaa taji."

Koki aliondoka bila nyama. Nyumbani alitoa mzinga, ambao polisi hawakuwa wameuomba, kutoka kabatini, ambako alikuwa ameuficha ndani ya mfuko wa mkate ili alama za vidole zisifutike. Jogoo alikuwa pale, kifua mbele, na taji kichwani.

Alikaa kitandani akauangalia kwa muda mrefu. Alimwona Oketch akiingia dukani kwa suti yake ya kahawia. Chang'aa ingeleta maneno. Busaa imeshikwa na mikono ya watu. Alitafuta kinywaji ambacho hakuna mkono uliokigusa, chenye muhuri, ili Patrobas akisikie kifuniko kikilia kwa masikio yake mwenyewe. Hata chai hakuthubutu kuwapikia.

Ubaya ulikuwa ndani ya chupa, basi. Na kama ulikuwa ndani ya chupa, waliokunywa wangekuwa vipofu au wangekuwa maiti. Patrobas alikuwa anaona vizuri, na Phares alikuwa ametukana watu jana tu. Kwa hiyo wale wawili hawakunywa hata tone.

Ilibaki chupa iliyobaki vidole viwili, na mtu mmoja tu wa kuimaliza.

*

Alimkuta Patrobas ndani ya nyumba ya marehemu, anakunja nguo na kuzitia ndani ya sanduku la bati. Nje vijana walikuwa wanapanga viti vya plastiki. Koki aliuweka mzinga mezani, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mama, nitaitwa tena polisi kwa kukaa na wewe chumba kimoja?"

"Kaa chini, Mwalimu. Nimekuja kuuliza jambo moja. Hamkunywa, si ndiyo?"

"Nilisema tangu Jumanne. Nimeandika na kutia sahihi. Ni wewe uliyesema tulikunywa."

"Nilikosea. Sasa niambie hii nani alikunywa."

Patrobas aliitazama chupa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Koki alimweleza habari za Shiru, duka lililofungwa na yule jogoo. Alieleza polepole, kama anayesomea mtu barua. Alipofika kwa mume aliyeamka akaona moshi mweupe, Patrobas alishika ukingo wa meza.

"Moshi," alisema.

"Ndiyo."

"Alinipigia simu Jumapili. Saa mbili asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani. Akasema, 'Patrobas, dunia yote imekuwa maziwa.' Na ile sauti yake, unaijua. Ile ya ukumbini. Nikamwambia Mzee Phares, msikie, amekuja na mchezo mwingine, anataka tumwonee huruma kwa sababu tulikataa kinywaji chake. Nikazima simu."

Nje kiti kilianguka, mtu akatukana kwa Sheng, mwingine akamnyamazisha: "Wee, heshimu matanga!"

"Ulikataa kinywaji chake vipi?" Koki aliuliza mwishowe. "Nieleze ilivyokuwa. Usiruke."

Patrobas alieleza akiangalia sanduku. Mzee alifungua mzinga mbele yao, akauinua masikioni mwao wasikie kifuniko kikilia. Akamimina glasi ya Phares, akainywa yote, akaipindua. Phares akasema yeye ana presha, hanywi. Mzee akamimina glasi ya Patrobas. Akainywa yote. Akaipindua.

"Akamimina tena akanisogezea. Akatabasamu, mama. Lile lile. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza nilipoliona kwenye shuka, kiwanja cha shule, na baba yangu amenibeba mabegani. Nikamwambia..."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia, 'Baba mdogo, wewe ni mwigizaji. Nitajuaje umemeza?' Akaichukua ile glasi yangu akainywa tena. Ya tatu. Alikuwa anatokwa na machozi, nikafikiri ni ukali wa pombe. Kisha akafungua mdomo wazi kama mtoto kwa daktari. Akasema, 'Angalia.'"

"Ukaangalia?"

"Niliangalia. Halafu tukasema tuna safari, tukatoka. Tulimwacha anaosha glasi."

Koki alikaa kitandani, mahali alipofia mzee. Kwa siku tatu alikuwa amemtafuta mwuaji, na sasa aliyempata alikuwa mwalimu mwenye kwikwi anayejipangusa pua kwa shati la maiti. Alitaka kumchukia. Alikuwa amejiandaa. Lakini palikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia afisa, wala dada yake, wala padri.

"Alinipigia na mimi," alisema. "Saa mbili na robo. Labda baada ya wewe kuzima. Akasema maneno yale yale, maziwa. Nikacheka. Nikamwambia, 'Kikombe, umeanza maigizo asubuhi yote hii? Kunywa maji ulale, nitakukuta kesho.' Akasema, 'Haya, mama.' Ndivyo alivyosema. Haya, mama."

Kisha Koki akasimama.

"Mtu aliyetia sumu hanywi glasi ya kwanza, Mwalimu. Akikosea akanywa ya kwanza, hanywi ya pili. Huyu alikunywa tatu. Kesho mnaondoka naye. Utasimama mbele ya ukoo useme: alikunywa tatu, na ya tatu nilimnywesha mimi. Ukisema hivyo, nani atamlaza nje?"

"Na wewe utafuta jina langu polisi."

"Nitafuta."

"Lini?"

"Ukishasema."

Patrobas alitikisa kichwa. "Futa kwanza. Nikisema mbele ya watu kwamba nilimnywesha mimi, na kule kituoni kuna karatasi yako inasema nilimuua, nitakuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Mama, nina watoto wanne."

"Na nikifuta kwanza, utafika Ugenya, Mzee Phares akukazie macho, unyamaze. Nitakushika na nini?"

"Kwa hiyo huniamini."

"Sikuamini. Wewe unaniamini?"

"Hapana."

Ilikuwa kauli ya kwanza ya kweli kati yao ambayo haikuwa na uchungu. Koki nusura acheke. Alichukua mzinga wake akatoka.

Alikwenda jikoni kwake, akasimama. Alifikiri habari ya kumpigia simu Mzee Phares mwenyewe, lakini Phares angesema ni uchawi wa Ukambani. Alifikiri habari ya kupanda gari la msiba kesho, akasimama kaburini aseme mwenyewe. Lakini nani angemsikiliza mwanamke asiye mke, asiye ndugu, aliyemfungisha mtoto wa boma? Angeyasema, na wangemwonyesha lango. Neno hilo lilikuwa na mdomo mmoja tu wa kulisema, na mdomo wenyewe ulikuwa unaogopa karatasi.

Saa kumi alasiri alikuwa kituoni. Alipeleka mzinga, akampeleka na Shiru, aliyekuja na aproni yake. Aliomba maelezo yake ya Jumanne yasomwe, akayasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yaandikwe mapya.

"Sasa unamshuku nani?" afisa aliuliza.

"Mwenye duka. Na aandikwe pia kwamba marehemu alinipigia simu Jumapili saa mbili na robo, akaniambia haoni, nami sikumtafutia msaada."

"Hilo si lazima, mama."

"Andika."

Aliomba nakala. Akaikunja, akampelekea Patrobas mkononi, chini ya hema, mbele ya watu. Patrobas aliisoma yote, mstari kwa mstari, akaitia mfuko wa ndani. Hakuahidi kitu.

*

Gari la msiba liliondoka Kaloleni Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Koki hakupanda. Jumamosi alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Saa sita simu ilikuwa kimya. Saa nane ilikuwa kimya. Saa tisa na dakika ishirini ikalia mara moja: ujumbe, na picha.

"Tumemaliza. Amelala salama. P."

Koki alivaa miwani. Palikuwa na tuta la udongo mwekundu, msalaba wa mbao, mashada mawili. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisukuma kulia, akaisukuma kushoto. Nyuma ya tuta palikuwa na majani ya mnyaa, uzio wenyewe. Lakini uzio una pande mbili. Picha haikuonyesha mpigaji alikuwa amesimama upande upi.

Aliandika: "Asante Mwalimu. Tuma nyingine."

Dakika sita zilipita.

"Mama, hata sasa huniamini?"

"Simama kwenye lango, uangalie ndani, upige."

Safari hii alingoja muda mrefu zaidi. Aliweka simu mezani ikiwa imeangalia juu, akaketi, mikono mapajani, kama mtu aliyeambiwa ataitwa. Picha ilipokuja ilikuwa imepinda kidogo. Nguzo mbili za lango zilionekana pande zote. Mbele kabisa, katikati ya njia, alikuwa Mzee Phares, ameupa lango mgongo na hana kofia. Ndani, upande wa kushoto, palikuwa na nyumba ya marehemu Sylvance. Kando yake palikuwa na kibanda kipya cha mabati, hakijapigwa rangi, kina mlango mmoja, na mbele ya mlango huo lilikuwa tuta.

Koki alihesabu nguzo za lango tena. Kisha akaandika: "Nimeona."

Chini yake ukaingia ujumbe wa mwisho wa Patrobas. "Nimesema zote tatu. Mzee Phares hajaniongelesha tangu asubuhi."

Koki alivua miwani, akaenda kuanua mapazia.